Pembe Moja Imebaki Sironga: Kumuaga Mwalimu Thadeus Nyamweya

Mwalimu Thadeus Nyamweya ameitumikia Idara ya Usikivu kwa miaka thelathini na mmoja, na anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Kamati ya sherehe iliniomba mimi Nyabuto, dereva wake, niandike wasifu huu kwa sababu vijana wenye digrii walisema hawajui waanzie wapi. Mimi najua. Shule niliiacha darasa la saba, mwalimu alipoona hana kitu kingine cha kunipa. Karatasi hii ikishasomwa irudishwe kwa Maureen pale mlangoni aichome, kama kawaida yetu.

Mwalimu alizaliwa upande wa Kisii, katika familia ya Wasabato ambao Jumamosi hawakugusa hata swichi ya redio. Labda ndiyo sababu siku zingine zote hakuiachia. Aliingia Idara akiwa kijana mwembamba mwenye bisibisi mfukoni, akawekwa kituo chetu cha Nyansiongo, ambacho watu wa nje wanakijua kama duka la kutengeneza redio na televisheni. Na kweli tunatengeneza. Kuna mama wa Keroka ambaye mpaka leo hakubali fundi mwingine aguse televisheni yake.

Kazi yake hasa ilikuwa kufundisha. Kila kijana wa Idara aliyewahi kuficha kinasa sauti katika nyanda hizi za juu alipita mikononi mwake. Na kitu cha kwanza alichowafundisha ni woga. Mwalimu alikuwa anaogopa mbwa, anaogopa mvua, anaogopa mtoto wa miaka mitatu kwa sababu hajui kunyamaza, na zaidi ya wote anamwogopa mtu anayesema "hakuna shida." Mimi nimewahi kumtazama chui machoni kule Borabu mpaka chui akaona haya, lakini nikiwa na Mwalimu nilijifunza kuogopa hata kitasa cha mlango.

Mtihani wake wa kwanza ulikuwa jikoni kwa Maureen, mpishi wetu. Kijana anaambiwa afiche mtambo humo, na Maureen asiugundue hadi jioni. Kijana wetu mmoja, Dancun, aliuweka chini ya birika. Maureen akalinyanyua mara moja tu, akaita kwa sauti, "Dancun! Chai yangu imeanza kubeba mawe?" Dancun alirudia mtihani huo mpaka tukazoea kumwona akiosha vyombo.

Sasa nije kwenye pembe, maana humwelewi Mwalimu bila pembe.

Akiwa mtoto aliona pembe ya ng'ombe imelala njiani, imefungwa uzi, na watu wazima wakiizunguka kwa mbali mpaka wakaikanyagia njia mpya shambani. Hakuna aliyeigusa, maana pembe ya namna hiyo ni uchawi. Ukubwani akalikumbuka jambo hilo. Akachukua pembe, akaweka ndani kinasa sauti, betri na laini ya simu, akaziba kwa nta, akafunga uzi mweusi, akaacha waya mwembamba ukining'inia kama nywele. Inafukiwa kwenye nyasi, mdomo wake ukichungulia nje kidogo. Alisema hiyo ndiyo kufuli bora kuliko zote: mtu akiiona ataogopa kuigusa. Wakubwa walikuja kutoka Nairobi kumpa mkono. Pembe zikafukiwa Nyamira yote, na kweli kwa miaka hakuna hata moja iliyoguswa.

Halafu ikaja siku ya Gesima.

Kulikuwa na mtu kule aliyekuwa akisafirisha bunduki ndani ya magunia ya ndizi. Tulimwita Mteja. Alipenda kusimama kwenye ua wa nyuma akipiga simu, kwa sababu hapo ndipo mtandao unashika. Gentrix Akumu, msichana wetu kutoka upande wa ziwa, akaifukia pembe kwenye ua huo. Ilikuwa kazi safi kabisa. Lakini ua una pande mbili, na upande wa pili aliishi mjane mmoja, Mama Nyangate, peke yake.

Ilikuwa mchana, tumetoka kula. Gentrix ameketi karibu na spika akimngoja Mteja apige simu. Badala ya Mteja tukasikia jembe. Kwanza mbali, halafu karibu, halafu spika ikalia kama mtu amepigwa kofi.

Tukaelewa polepole. Mtoto wa jirani alikuwa mgonjwa, dawa ya hospitali haijamshika. Familia ikamwita omoriori, yule mtu wa kunusa uchawi na kuuchimbua ulipofichwa. Akanusa hapa, akanusa pale, akafika kwenye ua akachimba. Pembe yetu ikatoka na uzi wake na nywele zake.

"Nyangate, hii ni nini?" sauti ya kijana ikauliza.

"Mokua mwanangu, mimi hata ng'ombe sina. Pembe ningeitoa wapi?"

"Wachawi hawafugi, wanaazima!" Watu wakacheka. Nimesikia vitu vingi katika kazi hii, lakini kicheko kile ndicho kinachoniamsha mpaka leo.

Gentrix haelewi Ekegusii. Alikuwa anatutazama usoni, mmoja baada ya mwingine. "Mwalimu, wanasema nini? Anko, wanasema nini?" Mwalimu alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Nikamtafsiria mimi. Nikamwambia Mokua anasema petroli iko kwenye pikipiki yake. Nikamwambia mwingine, anayekohoa, anasema mama afungiwe ndani kwanza, asiwatazame.

Mwalimu akampigia Mkuu wa Kanda. Jibu tulilisikia sote: "Mteja anakamatwa Jumamosi. Hakuna mtu kutoka hapo. Mtaharibu kila kitu." Mwalimu aliiweka simu mezani bila kuikata, Mkuu bado anaongea. Akavaa kofia. Akasema, "Nyabuto, gari."

Kuhusu mwendo wangu wa Nyansiongo hadi Gesima sitasema mengi, ila kivuli cha gari kilibaki nyuma na kikafika baadaye. Njiani Gentrix alikuwa na kisikizi sikioni. Alikuwa akisema tu, "Mama bado anaongea. Bado anaongea." Tulipopanda kilima cha mwisho akanyamaza. Nikauliza. Akasema, "Sasa ni mlango umefungwa."

Tulikuta duara la watu, na katikati pembe imelala chini. Hata pale hakuna aliyeigusa. Kufuli ya Mwalimu ilikuwa bado inafanya kazi. Nyuma yao nyumba ya mabati, mlango umekazwa kwa mti, na kijana ameshika mtungi wa petroli. Mwalimu Thadeus, mtu anayeogopa mbwa, akapita katikati yao, akainama, akaiokota pembe kwa mikono mitupu. Duara likarudi nyuma.

"Hii ni yangu," akasema. "Mama huyu haijui."

"Basi mchawi ni wewe!" Na wote wakamgeukia. Nilikuwa nimeacha injini ikinguruma. Mimi nilisimama naye, ingawa karibu kidogo na gari.

Akasema, "Mokua. Umesema petroli iko kwenye pikipiki yako." Kijana mwenye mtungi akashtuka. "Na wewe unayekohoa hapo, umesema afungiwe ndani asiwatazame. Na kuna aliyesema wachawi wanaazima, mkacheka. Mimi sikuwa hapa. Nilikuwa Nyansiongo." Duara likaanza kumkaribia tena, maana mchawi pia angejua hayo. Ndipo akaivunja pembe kwenye jiwe, akatoa betri, akatoa laini ya simu, akaziinua juu. "Kila neno limeingia humu na limehifadhiwa, kila mtu na sauti yake. Nyumba hii ikishika moto, polisi watasikiliza."

Hakuna aliyekimbia. Walipungua tu, kama maji kwenye shimo. Mokua aliisukuma pikipiki yake bila kuiwasha. Omoriori aliondoka upesi mpaka akasahau jembe lake.

Tulipofungua mlango, Mama Nyangate alikuwa ameketi kitandani, ameshavaa nguo yake ya kanisani. Hakusema asante. Aliuliza, "Na ni nani aliyeniwekea?"

Gentrix akafungua mdomo, lakini Mwalimu akamtangulia. "Ni mimi, Mama."

Mama akashuka kitandani. "Basi usimwekee mwingine."

Mteja alisikia habari hizo kabla ya jioni, na hatujamwona tena. Mwalimu alifutwa kwenye orodha ya wakubwa wa kesho, akarudishwa kwenye meza yake ya bisibisi. Hakulalamika. Alilichukua lile jembe la omoriori, akaliweka kwenye buti ya gari langu, na mwaka mzima tulizunguka mimi, yeye na Gentrix tukichimbua pembe mchana kweupe, tukijiita watu wa kupima udongo. Mtihani wa jikoni ulibaki, lakini likaongezwa swali moja ambalo kila kijana hulijibu kabla ya kutoka getini: kikipatikana hiki, atapigwa nani? Asiyejua jina la huyo mtu, hatoki. Wengi mlimwona ni mzee mwoga. Sasa mnajua alikuwa anamwogopea nani.

Pembe zote zilirudi isipokuwa moja. Hiyo aliifukia rafiki yetu Ombok, Mungu amrehemu, ambaye alituachia maneno machache tu: Sironga, chini ya mgomba, nyuma ya nyumba ya mzee. Sironga yote ni migomba, na wazee hawakosekani. Ile ya Gesima ilikuwa hai, ikatuita yenyewe. Hii betri yake ilikufa zamani. Siku atakapoipata mtu mwingine, hatutasikia chochote hapa Nyansiongo. Spika itakuwa kimya, na sisi tutakuwa tunakunywa chai.

Kwa hiyo Mwalimu hastaafu kwenda kukaa kwenye kivuli. Amepanga chumba Sironga, na Jumatatu anahamia. Kamati ilitaka kumnunulia kochi. Akasema kochi halina kazi kwake, akaomba mpini mpya wa jembe. Mpini huo ndio utakaokabidhiwa leo na Gentrix Akumu, ambaye anachukua meza yake.

Mwalimu, asante kwa kutufundisha kuogopa kitu kinachostahili. Tunakuombea mgongo imara, udongo laini, na majirani wasiouliza maswali. Na katika migomba yote ya Sironga, jembe lako lifike kwanza.