Mwendo wa Shemeji

Sogeeni, wanangu, na aliye karibu na mlango aufunge, halafu kila mmoja aniapie kwa sauti, nimsikie, kwamba nitakayoyasema hayatatoka nje ya chumba hiki. Wewe mkwe wangu apa mara mbili, maana nakujua. Vizuri. Mimi mwenyewe siapi, kwa sababu nusu ya haya nilishamwambia nesi wa asubuhi alipokuwa ananigeuza, na yule mama wa maziwa alisimama dirishani akasikia nusu iliyobaki, na mtu mwenye mdomo kama wangu hafai kujiongezea dhambi ya kiapo katika wiki yake ya mwisho.

Mdogo wangu, wewe kaa hapa kitandani, upande ambao mkono wangu bado una nguvu. Acha kukunja hizo nguo. Leo utanisikiliza umekaa.

Nianze na mali, maana wapo humu ambao hawatasikia kingine mpaka walisikie hilo. Nyumba hii ni ya mama yenu mdogo mpaka mwisho wa uhai wake, na asitokee wa kumwambia asogee kidogo; baada yake mtagawana ninyi watatu sawasawa, bila kaka yenu kujifanya mzee kwa ajili ya ndevu. Kile kiti chekundu cha kipindi changu, nilichoondoka nacho studio siku ya kustaafu, mlinzi akanisaidia kukipakia akidhani nimeruhusiwa, achukue kitinda mimba wangu. Nguo zangu za jukwaani, sanduku zima, mpelekeeni Bi Poda.

Mnatazamana nini? Ndiyo, Bi Poda, mpambaji wangu na rafiki wa mama yenu mdogo zamani, ambaye jina lake halijatajwa humu ndani miaka ishirini na sita, na akipita mtaa huu mama yenu mdogo hufunga dirisha hata kama ni joto la kuchemsha maji. Kwa ajili yake ndiyo nimewaita.

Ninyi mmenijua kwa televisheni, bibi wa kiti chekundu anayesoma barua za watazamaji, lakini kabla ya hapo nilizunguka na kikundi cha maigizo miaka kumi na minne, watu tisa na lori moja lisilo na taa ya nyuma. Kazi ile ilikuwa na ujanja wake. Tukifika mji asubuhi, wenzetu wakifunga mapazia, mimi na Bi Poda tunaingia sokoni, tunanunua vitunguu tusivyovihitaji, tunauliza nani kagombana na nani, nani kahamishiwa kitanda sebuleni, na jioni yote hayo yako jukwaani. Watu wanacheka mpaka wanashikana, kila mmoja akimtazama jirani yake. Aliyeumia ameumia, lakini asubuhi sisi tuko kwenye lori. Miaka kumi na minne, wanangu, sikuwahi kuiona sura ya mtu niliyemchekesha siku ya pili yake.

Na jambo jingine mlijue: barua ya jukwaani ni karatasi tupu. Mwigizaji amekariri, maandishi ya nini? Mimi niliishia darasa la nne, kusoma kwangu ni kwa kidole, kwa hiyo waliponipa kile kipindi, binti wa ofisini alikuwa ananisomea barua mchana, nakariri, na mbele ya kamera nashika karatasi nyeupe na kuipitishia macho. Watu wakanisifu kwamba nasoma kama hakimu. Hakimu gani, wanangu. Siku moja niliishika kichwa chini, lakini tupu ni tupu.

Basi ikaja wiki ya barua za ovyo, nyingine ya kuku, nyingine ya ukuta, na bosi akanipitia mlangoni akasema, 'Leo uwape kitu, mama, la sivyo msimu ujao kiti hicho anakalia mwingine.' Nami nilikuwa na kitu. Nipe maji kidogo.

Mdogo wangu, siku tatu kabla ya hapo ulikuja chumba changu cha kujipambia, Bi Poda akawa anakusuka, ukatuambia habari ya mumeo. Kwamba amefukuzwa kazi miezi minane, hajakwambia, na kila asubuhi anatoka na mkoba wake, anakwenda kukaa kwenye benchi za kusubiria hospitalini, kwa kuwa mtu aliyekaa hospitalini haulizwi anafanya nini. Na kwamba wewe unajua, ulimwona, na bado kila asubuhi unampigia shati pasi na kumfungia chakula, kwa sababu ukimwambia unajua, hatakuwa na pa kuweka uso. Ulilia. Bi Poda alilia. Mimi nililia zaidi yenu wote, mnajua mimi kwa machozi sishindwi.

Nikaenda nikaisoma kwenye karatasi tupu.

Nilijiambia nimeificha vizuri. Nilibadilisha mji, nikamfanya mume karani wa benki, nikakuongezea watoto wawili. Kama ningebaki nimekaa pale kwenye kiti, pengine ingepita. Lakini watu walicheka, na miguu yangu ilisikia kile kicheko kabla ya akili. Nikainuka, nikatembea. Bega la kushoto chini, mkoba umekumbatiwa kifuani kama mtoto mchanga, kila hatua ya tatu mkono unagusa mfuko kuona kama funguo zipo. Hakukuwa na mtu aliyemfahamu shemeji yangu ambaye hakumwona pale. Na kule hospitalini, wanangu, juu ya zile benchi, kulikuwa na televisheni ukutani.

Mumeo alirudi saa yake ya kawaida, akaweka mkoba mezani, akakwambia, 'Kumbe ulikuwa unajua.' Hilo tu. Kesho yake aliacha mkoba akaondoka, na mpaka leo hajulikani aliko.

Ulipokuja studio hukupiga kelele. Uliniuliza, 'Barua iko wapi, dada? Nataka kuuona mwandiko.' Nami, Mungu anisamehe kama anaweza, nikasema, 'Muulize Bi Poda, ndiye aliyeniletea, na ndiye aliyeichana.' Bi Poda alikuwa amesimama na sponji mkononi. Alinitazama. Angeweza kusema neno moja tu nikaisha pale pale, lakini aliiweka sponji, akachukua mkoba wake, akaniambia, 'Kipindi ni baada ya dakika kumi. Midomo utamalizia mwenyewe.' Kesho yake nikawaambia ofisini wamwondoe.

Hapakuwa na barua, mdogo wangu. Hapakuwa na mwandiko. Rafiki yako hakutoa siri yako. Ni mimi, na ni mimi unayeniogesha mwaka wa sita sasa, na kila kijiko cha uji ulichonilisha nilikimeza na hilo likiwa shingoni.

Niachie mkono ukitaka. Ni haki yako.

Ninyi wengine sikilizeni, sauti inaniishia. Wale wa kituo watataka kurudia vipindi vyangu nikifa. Wakatalieni kile cha karani wa benki, hata wakileta gari la maua. Siku ya kunizika, kaka yenu asimame aseme mbele za watu kwamba Bi Poda alisingiziwa, na msingiziaji ni maiti huyu, aseme hivyo hivyo, asilainishe. Msinisifu sana. Mpendane... ngoja nivute pumzi... mpendane bila kuchekana. Mungu awape midomo mifupi kuliko wangu. Awape watu wa kuwapigia pasi na kunyamaza. Nawabariki wote, hata wewe mkwe wangu, uliyeanza kulia kabla ya...

Unafanya nini, mdogo wangu? Usinyooshe shuka sasa. Acha mto. Nimesema uache, nimelala vizuri hivi hivi, usiinue...

Haya. Ni simu ya nesi, aliniazima asubuhi. Wewe mwenye ndevu, usiwasomee wenzako, wana macho. Ndiyo, iko hewani, dakika kumi na tisa. Ndiyo, huyo anayepumua humo ni Bi Poda, amesikia kila neno, kuanzia ulipofungwa mlango mpaka sasa. Mdogo wangu, nimeitoa siri yako nje mara ya pili, na safari hii sina wa kumsingizia, maana mkono wangu uko juu ya simu na nyote mmesimama mnautazama.