Vifungo Arobaini na Kimoja vya Fundi Likwata

Ijumaa, tarehe 30 Januari 2026, Fundi Mkuu Klementi Likwata anastaafu baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili katika chumba cha injini cha MV Nangurukuru, meli pekee tuijuayo iliyopewa jina la njia panda isiyo na bahari.

Alitoka Njinjo, kwenye mashamba, akaanza hapa Kilwa Masoko kama kibarua wa kupaka grisi. Ameipeleka meli Lindi na Sudi mara nyingi kuliko nahodha yeyote, ingawa njiani hajawahi kuona hata mnazi mmoja. Chumba cha injini hakina dirisha.

Wala hakina nafasi. Kinatosha mtu mmoja na nusu, na Likwata peke yake ni mtu mmoja na robo. Waliokuja kujifunza kazi walisimama ngazini wakitazama shati lake lilivyolowa jasho. "Hawa watafaulu mtihani wa mgongo wangu," alilalamika. Ndipo alipoamua kujenga mfano wa chumba kizima, kila mita ikawa sentimita kumi, auweke mezani kwenye karakana, kila mtu aone.

Ilimchukua miaka minne. Mabomba ni spoku za baiskeli, sakafu ni debe la mafuta ya kula, injini ni makopo ya dawa ya mbu. Magurudumu ya vali, yote arobaini na moja, ni vifungo vya mashati yake mwenyewe. Jumapili moja mkewe, Mama Fortunata, alimwona anatoka kwenda kanisani shati limeshikwa kwa pini. "Baba, vali zako zote zimevaa," akamwambia. "Wewe utavaa lini?"

Sasa, meli yetu ina vali moja ya pampu ya kutoa maji yanayojikusanya chini kabisa ya meli. Fundi fulani wa zamani, ambaye kila mtu anakana kumjua, aliiweka vali hiyo kwa namna yake: inafunguka kwa kuzungushwa kulia, kinyume na nyingine zote. Tuliizoea, kama mtu anavyozoea jirani mwenye redio. Hakuna aliyeirekebisha, hakuna aliyeiandika popote. Likwata aliijenga hivyo hivyo, kwa kifungo chekundu. Mkuu wa kituo, Bi. Bertha, alimwomba aigeuze, wageni wasije wakatucheka.

"Wacheke tu, Mama," akajibu. "Mimi sitaki Antonia azame."

Antonia ni fundi wetu mpya, anayemzidi Likwata kimo kwa kichwa kizima. Aprili iliyopita, Likwata akiwa msibani Njinjo, Antonia alishuka chumbani peke yake kwa mara ya kwanza. Karibu na Sudi, saa saba mchana, bomba likapasuka, taa zikazimika, maji yakamfika magotini. Juu yake walikaa abiria hamsini na wawili. Anasema alifumba macho, akaiona meza ya karakana, akahesabu kwa mkono gizani: kifungo cha nne kutoka ngazini. Akazungusha kulia. Pampu ikavuta. Abiria walishuka Sudi wakilalamikia kuchelewa.

Likwata alipopigiwa simu aliuliza neno moja tu: "Kulia?"

"Kulia, Mzee."

Mama Fortunata anasema mumewe alikata simu, akakaa chini, akaomba maji.

Katika mfano ule kilikosekana kitu kimoja: kigoda anachokalia Likwata kusikiliza injini. Tulipomuuliza, alisema kigoda si mtambo. Wiki iliyopita tukakikuta kimo ndani, cha mbao, kidogo kama kisanduku cha kiberiti. Likwata akakitoa, akakipima kwa rula.

"Kimezidi milimita nane," akasema. "Hiki si kigoda changu."

"Si chako, Mzee," Antonia akajibu. "Ni changu."

Likwata akakirudisha pale pale, akakigeuza kidogo kielekee injini.

Fundi Likwata, asante kwa miaka yote uliyotufikisha bila sisi kujua umefanya nini huko chini. Upumzike Njinjo kwa afya njema, karibu na madirisha mengi. Leo watumishi wenzako tunakukabidhi mashati sita mapya. Vifungo tumevihesabu, na Mama Fortunata amepewa orodha.