Bi. Watiri Aliyempumzisha Maria kule Gakindu

Baada ya miaka ishirini na minne ya kuchora katika karakana ya parokia yetu, Bi. Watiri Kahiga anastaafu tarehe 31 Desemba 1988. Brashi ametuachia. Makaripio sijui, huenda akaondoka nayo, na hapo karakana itapoa kweli.

Mapenzi yake ni zile picha za Ulaya za karne ya kumi na saba: miti mikubwa, mawingu tele, na huko chini Familia Takatifu, ndogo hata uitafute kwa macho makali. Padre Njagi alilalamika ati watakatifu wanamezwa na majani. Bi. Watiri akamwambia majani nayo yameumbwa na Mungu.

Mwaka wake wa kwanza, akiwa bado kwenye majaribio, alitumwa kupamba ukumbi wa kanisa katika kijiji cha Gakindu. Akachora Yosefu na Maria wakikimbilia Misri, ila Misri yenyewe ilikuwa Gakindu tupu: mibuni, migomba, kijito. Watu walifurahi, kila mmoja akitafuta shamba lake. Balaa! Mkulima mmoja, Mutahi, akaona ua wa jirani yake Gatimu umechorwa ukiingia shambani mwake. Wawili hao walikuwa na kesi ya kipande cha ardhi kando ya kijito, na sasa Gatimu akatamba kwamba hata kanisa limempa haki.

Padre alikasirika. Alisema wawili hao wasipotulia kufikia Jumapili, ukuta utapakwa chokaa na mchoraji atarudi kwao. Maskini Bi. Watiri, mshahara huo ndio uliomtunza mama yake mgonjwa!

Hakubishana na mtu. Aliufuta ua, na papo hapo kwenye kipande kile akamketisha Maria akinyonyesha, Yosefu amesinzia, punda anakula nyasi. Jumapili Mutahi alitazama, akakuna kichwa. Nani angemfukuza Mama wa Mungu shambani? Gatimu naye alisema jamani, mwenye mtoto mchanga aachwe apumzike. Kesi ikafa. Kipande kile sasa ni njia ya wote kwenda kijitoni.

Mwezi uliopita wazee hao walifika hapa pamoja, wana wasiwasi: paa la ukumbi limevuja, punda wa pichani ameharibika, na Bi. Watiri anaondoka. Bi. Watiri alikwenda Gakindu kumrekebisha. Mutahi alishika ngazi upande huu, Gatimu upande ule, hadi punda akapata masikio mapya.

Asante sana, Bi. Watiri. Tunakupenda, na tutakukosa. Nenda ukapumzike vizuri, dada yetu, na Mungu akujalie siku nyingi za furaha.