Kikombe cha Aliyepiga Nyati

Benchi la Wanjira, mwuza chai, liko nje ya kinu cha unga pale Gachoka, na halijawahi kukaliwa na mtu aliyekubali kushindwa. Sheria yake ni moja: nyati akivamia ndengu mashambani mwa watu na akapigwa, kikombe cha kwanza cha chai, kile kizito kabla Wanjira hajaongeza maji, hukinywa aliyempiga. Kwa miaka mingi kikombe hicho kilikuwa cha Hezekiah, polisi wa akiba, ambaye kijiwe kilimwita Mark Four, jina la bunduki yake kuukuu ya 303. Halafu Ndambiri naye akaandikwa polisi wa akiba, tena akapewa G3, bunduki ya kisasa zaidi, na Hezekiah hakulala vizuri tena. Alimwonea kijana yule wivu hata kwa namna alivyofunga kamba za viatu. Leo alfajiri walifyatua pamoja, risasi mbili, na nyati akaanguka. Lakini iliyompata ilikuwa moja tu: imeingia bega la kushoto, ikatokea la kulia, ikaenda zake. Sasa kikombe kilikuwa katikati ya benchi, kinafuka mvuke.

— Hiyo ni G3, akasema Ndambiri. Inaenda mita mia nane na kitu kwa sekunde. Yako mzee ni kama mia saba na arobaini. Ilifika nyati ameshaanguka.

— Haraka haraka haina baraka, akajibu Hezekiah. Risasi yangu ni gramu kumi na moja. Yako haifiki hata kumi. Ukigongwa na kuku ama ugongwe na mbuzi, gani inauma?

— Inategemea huyo kuku anakimbia aje.

Njagi, aliyewabebea Wazungu bunduki kabla ya uwindaji kupigwa marufuku, akatema majani ya muguka aliyokuwa akiyatafuna.

— Nyinyi mnapigania mfupa. Bunduki ya Wazungu, therti-o-siksi, risasi yake iko na uzito wa ya huyu na mbio ya yule. Mzungu wangu alipiga pofu, yule swala mkubwa, hapa chini, risasi ikapita, tukaitoa kwa mti ng'ambo ya mto Thiba.

— Kwani ilivuka na daraja? akauliza Wanjira.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Njagi, na hakuna aliyeelewa.

Hezekiah akaona mkono wa kijana unakisogelea kikombe.

— Ng'ambo ya Thiba ni karibu, akasema upesi. Yangu ikitoka kwa nyati haichoki. Ya leo imevuka bonde, saa hii iko kwa kina Wambeti.

— Yangu ilipita kwa Wambeti kitambo. Iko Embu.

— Yangu imepita Embu. Inaulizia njia ya Meru.

Walikuwa bado wanacheka Wambeti alipotokea. Ni mjane wa ng'ambo ya bonde, na ng'ombe wake mmoja ndiye anayempa Wanjira maziwa ya chai. Leo hakubeba mtungi. Alifungua fundo la leso, akaweka kipande cha chuma kilichobonyea kando ya kikombe.

— Hamjambo. Ng'ombe wangu ameanguka alfajiri. Mchinjaji ametoa hii kwa ubavu. Ni ya nani?

Hezekiah akaigeuza ile risasi mara moja, akaiacha. Watu waliozijua risasi kwa gramu tangu asubuhi, sasa hata kuitazama hawakutaka.

— Mzee, akasema Ndambiri polepole, nyati ni wako. Mimi nilipiga hewa.

— Hapana, kijana wangu. Haya macho yamezeeka. Yangu ilienda juu. Kunywa chai yako.

Akakisukuma kikombe. Ndambiri akakirudisha. Njagi akasema yeye alfajiri alikuwa amelala, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Wambeti akakaa kati yao.

— Basi nitangoja, akasema.

Chai ile, yenye maziwa ya jana ya ng'ombe wake, ikapoa ikashika utando, wala hakuna aliyenyoosha mkono.