Mwalimu Aliyengoja Ngozi Ishike

Marehemu baba yetu, aliyejulikana kwa wanafunzi wake kama Mwalimu Ramani, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitinda mimba wa mshona nguo na mlinzi wa ghala. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1973, akafundisha jiografia hadi alipostaafu. Alichora ramani ubaoni bila kutazama kitabu, huku akipiga soga na darasa zima.

Mwaka 1976 alimwoa mama yetu, mkunga, wakajaliwa watoto wawili.

Mwaka 1998 aligongwa na lori, akakatwa mguu juu ya goti. Mguu wa bandia wa kuvaa ulimchubua sana, hivyo baadaye alikubali kuwekewa chuma ndani ya mfupa wa paja, ncha yake ikitokeza nje ili mguu ufungwe hapo. Alitembea vizuri, ila ngozi haikushikana na chuma. Pakawa panatoka usaha, na harufu haikuisha. Baba akahamia chumba cha uani.

Mama alimfuata mpaka mlangoni. “Baba watoto, mimi nimezalisha wanawake maisha yangu yote. Harufu itanifanya nini?”

“Ngoja kwanza pakauke.”

Mama alingoja. Alifariki mwaka 2014, kila mmoja akilala chumba chake.

Mwaka uliofuata daktari wa Baba alitafuta watu wa kujaribu chuma chenye shingo ya vitundu vidogo, ili ngozi iote humo na kuziba. Baba alijitolea. Daktari alimwonya, “Usaha ukiingia kwenye mfupa, tutakata juu zaidi.”

“Kateni. Ila mjue kilichoharibika, mwenzangu mwingine asije akahamia uani.”

Ngozi ilishika. Siku bandeji ilipotoka kavu, wauguzi walipiga makofi. Baba aliishika mkononi, akasema polepole, “Hii ilikuwa ya kumwonyesha mtu.” Tulimsihi arudi chumba kikubwa, akakataa. “Kile ni cha mama yenu.”

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Alifariki usingizini, kule kule uani, tarehe 2 Juni 2023.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na dereva mmoja aliyekatwa mguu kama yeye, akawekewa chuma cha namna ile baada yake, ambaye leo amekuja kumzika akiwa na mkewe.

Mungu amwondolee upweke baba yetu, apumzike kwa amani.