Mama Aliniambia Nisimtangaze

Ndugu zangu wa usharika, nawasalimu, kamwene, na sifa zote ni za Bwana. Kilichoninyima usingizi ni swali hili: nikisimama mbele yenu kumwombea mama msaada, mtasema nini?

Mnamjua mama, anachuma chai kwa kibarua hapa Igowole. Alitokwa damu kwa miezi, akawa anajifunga kanga mbili na kwenda shambani. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo Mbeya, nina shahada, sina kazi. Nikampeleka Iringa. Daktari akasema ni uvimbe kwenye kizazi, unahitaji upasuaji. Gharama hatukuiweza.

Tukiwa njiani kurudi, mama akasema, "Usinitangaze kanisani, mwanangu. Walishakuchangia wewe ukasoma. Tuwarudie na sura gani?"

Nami niliwaza hivyo hivyo. Kila Jumapili niliwatazama: huyu alinitolea mahindi, yule aliuza mbuzi wake nipate nauli. Nikatunga maneno, nikayaacha. Nikajiambia nipate kazi kwanza. Naona aibu kulisema, ndugu zangu: mama alikuwa anaisha, mimi napanga sentensi.

Jumapili moja akaanguka akijiandaa kuja ibadani. Nikamwacha na jirani, nikaja peke yangu, na bado sikumwambia mtu. Baada ya ibada mnada wa sadaka ukaanza pale nje. Mama Sekela, anayenadi, akainua jogoo, akaniona.

"Msomi, mama yuko wapi leo? Au umeshamwajiri ofisini kwako?"

Watu wakacheka. Nilitaka kujibu kwamba hajambo. Bwana akaukataa uongo ule kinywani mwangu.

"Anatokwa damu," nikasema. "Anatakiwa kupasuliwa. Tumeshindwa."

Mama Sekela akaniuliza, "Na wewe umesimama tu hapo? Mgonjwa ni mama yako au ni wewe?"

Jogoo yule akanunuliwa, mnunuzi akamrudisha anadiwe tena kwa ajili ya mama. Akauzwa na kurudishwa mpaka Mama Sekela akakaukiwa na sauti.

Mama amepasuliwa, yuko nyumbani, anawasalimu. Asante Mungu, asanteni ninyi. Wewe uliyeficha shida yako kwa aibu, mtumaini Bwana, kisha mwambie aliyekaa kando yako.

Kazi ya shahada yangu bado sijapata. Daktari amemkataza mama kubeba mizigo, na nyumbani lazima tule. Niliwaza sana wanafunzi wenzangu wataniona vipi. Jumatatu nikachukua kikapu chake, nikaenda kuchuma chai.