Mgeni Rasmi, Tunaomba Urudi na Cheti Chetu

Risala ya wanakikundi iliyosomwa Nkowe, Ruangwa, siku ya kukabidhiwa cheti cha usajili

Mgeni rasmi,
Viongozi wa kata na vijiji,
Shehe wetu na katekista wetu,
Wanavikundi wenzetu na majirani,

Karibu Nkowe. Umetoka mbali na vumbi umelila, kwa hiyo hatutakuchosha. Shehe ameomba dua, katekista amesali, na sisi tumesimama kimya kwa heshima mpaka walipomaliza. Tumesimama hivyo miaka mingi. Leo ndiyo mara ya kwanza tunaeleza mbele za watu kwa nini hatuitikii.

Umekuja na cheti chetu cha usajili, tunashukuru. Kabla hujakikabidhi, tunaomba utusikilize hadi mwisho, maana cheti hicho kina kosa, na kosa ni letu.

HISTORIA FUPI

Kikundi kilianza mwaka 2019 na watu saba, barazani kwa Mwalimu Saturnini kule Lionja, Nachingwea. Yeye alikuwa amestaafu kufundisha hesabu. Wengine ni wakulima wa ufuta na korosho, fundi baiskeli mmoja, na mimi ninayesoma, katibu, Gaudensia. Ninauza pembejeo, wengi mnaniita Mama Prisila. Wapo kati yetu waliozaliwa katika nyumba za Kiislamu, na wapo tuliobatizwa tukiwa wachanga. Kilichotukutanisha ni kwamba hatuamini kuwa Mungu yupo, na kila mmoja wetu alidhani yuko peke yake wilaya nzima. Leo tuko ishirini na wawili, kutoka Lionja, Nkowe na Matambarale.

Tulipojaza fomu ya usajili, kulikuwa na nafasi ya jina. Mwalimu alisema tuandike tulivyo. Tulipiga kura, akabaki peke yake. Tukaandika "Kikundi cha Wakulima wa Ufuta". Ufuta kweli tunalima, lakini hatukukutana kwa ajili ya ufuta. Mwalimu alitutazama, akasema, "Haya, wakulima. Mtakuja kulichoka jina hilo." Tukacheka.

MAFANIKIO

Tunayo maturubai mawili, viti themanini, masufuria makubwa manne, sururu na mabeleshi ya kuchimbia kaburi. Vyote tunaazimisha bure penye msiba. Hatuulizi marehemu alikuwa anasali wapi. Wanaume wetu huchimba, wanawake huwahi jikoni na kuondoka wa mwisho. Alipofariki mama yake shehe, viti vilikuwa vyetu. Paroko alipompoteza mpishi wake, turubai lilikuwa letu. Hatuyasemi haya ili tudaiane fadhila. Tunasema ili ijulikane kwamba tulikuwepo.

CHANGAMOTO

Zipo za kawaida. Habari zetu zilipoanza kuvuja, tuliitwa wapagani, tukaitwa freemason. Mwenyekiti wetu, Imrani, ana baiskeli isiyo na breki, na bado wapo wanaouliza utajiri wake kauficha wapi. Mwenzetu Mwamini aliambiwa na kaka yake, "Dada, sema tu unaumwa kichwa, watu wataelewa." Mwamini akamjibu, "Kaka, kichwa ndicho kitu pekee kisichoniuma." Hayo tunayabeba. Changamoto kubwa, mgeni rasmi, ni sisi wenyewe.

Mwezi wa saba mwaka jana Mwalimu Saturnini alifariki. Alikuwa ameandika karatasi ya ukurasa mmoja, akatukabidhi, akatuomba isomwe kaburini kwake. Mkewe, mama Letisia, ni mwanajumuiya wa kanisani, anasali kila siku. Hata hivyo alikubali. Alituambia, "Katekista akimaliza, someni yenu. Mume wangu alikuwa na maneno yake."

Siku ya maziko tulikuwa pale wote. Turubai ni letu, kaburi tumelichimba sisi. Ndugu mmoja akasoma wasifu, akamalizia kwamba Mwalimu alitubu na kumrudia Mungu dakika za mwisho. Watu wakaitikia amina. Mama Letisia alinyanyua uso akatutafuta kwa macho. Alikuwa ameshika mkono wa mumewe dakika hizo za mwisho, na alishatueleza kwamba alichoomba Mwalimu ni maji ya kunywa.

Kisha mwongozaji akasema, "Vikundi vilivyofika vijitambulishe." Tukasimama. Karatasi ilikuwa kwenye mkoba wangu, huu ninaoushika sasa. Nikasema, "Sisi ni Kikundi cha Wakulima wa Ufuta." Mwongozaji akatania, "Karibuni wakulima, mwaka huu ufuta umewaweka vizuri?" Watu wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka msibani. Tukaketi. Ishirini na wawili, hakuna aliyesema karatasi ipo.

Jioni, tukiosha masufuria, mama Letisia alinifuata. Akauliza, "Mama Prisila, ile karatasi uliisahau nyumbani?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Akasema, "Ungeniambia, mwanangu. Ningemtuma mtu wa bodaboda akaifuata."

Risala huandikwa kwa "sisi", nami nimeandika hivyo kwa sababu sote tulinyamaza. Lakini jibu lile lilikuwa langu, na kikundi kimeniruhusu nilitaje hadharani. Mama Letisia yupo hapa, amekaa safu ya pili. Nilishamwomba radhi kwake nyumbani. Leo namwomba mbele ya watu, kwa kuwa mbele ya watu ndipo nilipomwangusha.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba urudi na cheti hicho kikaandikwe jina letu. Tunajua maana yake ni kuanza upya, fomu, mihtasari, na foleni. Tunajua pia kwamba huenda jina likakataliwa. Likikataliwa, tuandikieni barua yenye sababu, tuiweke kwenye faili. Jina la ufuta hatulitaki tena. Mwalimu alisema tutalichoka, na hatukujua tungelichokea kaburini kwake.

Pili, hatuombi dua wala sala ziondolewe kwenye mikutano. Tunaomba vikundi vinapotajwa, nasi tutajwe tulivyo, kisha shughuli ziendelee.

Tatu, majirani zetu. Tumesikia baadhi yenu mkisema kuanzia leo hamtaazima viti vyetu. Vitakaa palepale nyumbani kwa Imrani, na mlango hauna kufuli. Anayefiwa asihangaike.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, kwa ridhaa ya mama Letisia, tunasoma karatasi ya Mwalimu. Tumechelewa mwaka mzima. Yeye hasikii, na hilo hatuwezi kulirekebisha. Aliandika hivi:

"Mimi Saturnini nilifundisha hesabu miaka thelathini na moja. Mungu sikumwona, na sikumzuia mtu kumwona. Asitokee mtu akasema nilitubu. Niliyemkosea nilimwomba radhi mwenyewe. Mke wangu akitaka kusali, mwacheni asali, ni sauti niliyoizoea. Wenzangu wa kikundi wapo hapa. Sijawataja majina, watajitaja wenyewe. Mkimaliza, hesabuni viti virudi themanini."

Siku ile viti vilirudi themanini.

Mgeni rasmi, tunakutakia afya, watoto wako wasome, mvua zisiharibu barabara kabla hujafika kwako. Shehe na katekista, tunawatakia uzima na amani majumbani mwenu, na tunajua nanyi mtatuombea, hatukatai.

Sasa mwongozaji wa leo akisema vikundi vijitambulishe, tutasimama.

Ni sisi,
Kikundi cha Wasio na Dini, Nachingwea na Ruangwa.